Punda wa Wodi ya Walioungua

Watu humjua kama mama wa vitabu vya watoto, tena vitabu vinavyoliza. Wachache wanajua kwamba alianza kusimulia wakati wa vita, muuguzi katika wodi ya walioungua, bakuli la maji ya chumvi mkononi.

Dawa za maumivu zilikuwa zimekwisha, na bandeji haingoji dawa. Ikigandamana na kidonda, kuibandua ni kumchuna mtu akiwa macho. Muuguzi huyu, msichana mbichi bado, akabuni ujanja wake. Akianza kulowesha bandeji, anaanza na hadithi. Bandeji ikishatoka, anaikata hadithi palepale patamu. "Kesho," anasema. Wagonjwa walimtukana kwa vicheko, na kesho yake wakanyoosha mikono wenyewe.

Aliyenogewa kuliko wote ni Fundi, makanika aliyeungulia ndani ya lori la jeshi. Hadithi yake ilikuwa ya punda aliyegoma kuvuka daraja kumfuata bwana wake. Punda alibembelezwa, akatukanwa, akaahidiwa mahindi, wapi! Fundi aliuma meno, jasho likimtiririka, akiuliza, "Enhe, halafu?"

Kisha vidonda vikaoza, homa ikampanda. Asubuhi moja akasema, "Dada, leo nimalizie."

"Kesho, kaka."

"Dada. Leo."

Msichana alimtazama Sista Mkuu, mama mkali asiyecheka na mtu. Sista Mkuu akageuza uso dirishani, naye akajua kesho haipo. Kuimaliza hadithi ilikuwa ni kumuaga Fundi, na moyo wake haukutaka. Hata hivyo akasimulia: punda akavuka daraja, akamkuta bwana wake anamngoja ng'ambo, wakafurahi sana.

Fundi akakunja uso. "Punda yupi huyo? Siku zote mkaidi, leo kawa mtoto wa shule? Unanihurumia, dada. Nisimulie kama unamsimulia mtu mzima."

Msichana alijifuta machozi kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na damu, akaanza upya. Punda hakuvuka. Bwana wake alimwita mpaka sauti ikamkauka, akaenda zake peke yake. Punda akabaki upande ule ule, akiitazama njia.

"Haswaa," Fundi akasema, akacheka kidogo ingawa kicheko kilimuuma. "Huyo ndiye punda wangu."

Msichana alimfunga bandeji safi, taratibu, kama mtu atakayeifungua tena. Fundi alifariki kabla ya chakula cha mchana.

Sasa muuguzi ni bibi mwenye mvi, na hadithi hiyo ameiandika juzijuzi tu, baada ya kuikwepa maisha yake yote. Mhariri wake, kijana mpole, akampigia simu.

"Mama, kitabu kizuri mno. Ila mwisho wake... tumvushe tu huyo punda, tafadhali. Watoto watalia."

"Waache walie, mwanangu. Mwenye punda alimkubali hivyo hivyo."

Akaiweka simu mezani, akalia yeye.