Mwezi wa Fainali

Kila ninaponusa pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa cha marekani chenye unyevu, hunirudia Ramadhani moja ya Kariakoo, zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia barazani, mbele ya duka la nguo la Mhindi. Mwaka ule alishona bukta za timu ya Dar es Salaam, maana Mombasa na Unguja walikuwa wanakuja kushindania kombe, na kaka yangu Athumani, mpagazi wa bandarini, ndiye aliyekuwa mshambuliaji wetu wa kati. Tarehe zilipangwa na wakubwa wa serikali bila kumwuliza mtu habari za saumu. Fainali ikaangukia siku ambayo huenda ingekuwa Idi, na huenda ingekuwa siku ya mwisho ya mfungo. Mwezi ndio ungeamua.

Baba alikuwa mtabiri wa mtaa. Baada ya futari watu walijaa barazani, vikombe vya kahawa vikigongana, kusikiliza hesabu zake. Mombasa, alisema, tutawatoa mbili kwa moja, na ikawa vivyo hivyo. Tangu hapo hakubishiwa, naye akaanza kusahau kusema inshallah. Ila fainali ilimtia hofu. "Waunguja watashuka melini mkesha wa mechi na kuondoka kesho yake," alieleza. "Hao ni wasafiri, wana ruhusa ya kula. Vijana wetu wako kwao, saumu haiwaachi. Mwezi ukiandama, tunashinda tatu kwa moja. Usipoandama, tumekwisha."

"Basi wavushe Kigamboni, nao wawe wasafiri," alisema Mzee Kombo, muuza kahawa.

"Kigamboni! Hata hujakaa vizuri mtumbwini umeshafika!" mtu akamjibu, na baraza zima likacheka.

Baba hakucheka. Alikuwa akimtazama kaka, aliyetoka kuugua homa karibuni na bado alishinda akibeba magunia bila kugusa maji. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Mama alimsihi asicheze, naye akajibu kwamba hakuna wa kumwachia nafasi.

Jioni ya kuutafuta mwezi, Mnazi Mmoja ilifurika watu, wote wameelekeza nyuso magharibi. Wingu zito lilikuwa limelala huko. Baba alinishika mkono mimi, binti yake wa pekee, akanibana hata vidole vikaniuma. Sijapata kumsikia mtu akiomba vile. "Ya Rabi, uzi tu. Nionyeshe uzi tu." Wingu halikufunguka.

Baada ya sala ya magharibi, kijana mmoja, shabiki wa timu, alisimama mbele ya maalimu wetu akaapa kwamba ameuona. Maalimu akauliza, "Na shahidi wa pili ni nani?" Macho yote yakamgeukia baba, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na kijana yule, na hakuna aliyewahi kumkuta na uongo.

"Sema, fundi!" mtu alimnong'oneza. "Sema, Athumani ale!"

"Fundi, umeuona?" maalimu aliuliza kwa upole.

Baba alifumba macho. "Nilitamani kuuona, maalimu. Sikuuona."

Walimzomea. "Umetuuza! Kashone kanzu za Waunguja!" Kaka ndiye aliyemshika bega. "Twende nyumbani, baba. Nitakula daku vizuri."

Kesho yake jua lilikuwa la kuunguza. Kipindi cha pili kaka alianguka, akainuka, akaanguka tena, na kila alipoanguka baba aliinamisha kichwa kama aliyepigwa yeye. Tulifungwa moja bila. Tulibaki pale kiwanjani, tumekata tamaa, hakuna aliyetaka kurudi mtaani kuzomewa, mpaka adhana ikatukuta hapohapo. Ndipo nilipowaona wachezaji wa Unguja, upande wa pili, midomo imewakauka, wakinyoosha mikono kuchukua tende. Nao walikuwa ndiyo kwanza wanafuturu. Baba alimwendea nahodha wao. "Mwanangu, si mna ruhusa?"

"Tunayo, mzee wangu. Lakini tuliona haya kula katika mji uliofunga."

Baba aliketi vumbini. Hesabu zake za mwezi mzima alikuwa amezijenga juu ya matumbo ya watu asiowajua. Nahodha akamkatia nusu ya tende yake, wakafuturu pamoja, na kaka akaletwa akaegemezwa kati yao.

Siku hizi mwezi tunatangaziwa redioni, na kabla ya kila kombe la mataifa wachambuzi wa televisheni hutabiri kwa hesabu nzito kuliko za baba. Wajukuu zangu hubishana nao kwa kelele, wameshiba, wana viatu vizuri, nami namshukuru Mungu kwa shibe hiyo. Wachambuzi wale wakikosea, kesho yake wanatabiri tena na kucheka. Sina ugomvi nao. Lakini katika miaka yote hii sijamwona bado mtabiri mwingine ambaye neno moja la uongo, kwa hesabu zake mwenyewe, lingempa kombe na kumlisha mwanawe, naye akalimeza.