Sproketi ya Mlimani

Harufu ya oili chafu ikinipata njiani, husimama kidogo. Wenzangu huziba pua, mimi huivuta. Baba alikuwa akiipaka oili hiyo kwenye cheni ya pikipiki yake kila jioni, kwa mswaki uliochakaa, na mikono yake ilinukia hivyo hata tukila ugali.

Tulikaa mlimani, juu ya Kibakwe, mahali ambapo gari halifiki. Pikipiki ya baba ilifungwa sproketi kubwa nyuma, yaani lile duara la chuma lenye meno linalovutwa na cheni. Kwa ukubwa ule ilipanda na mtu na gunia la mahindi bila kulalamika. Lakini kwenye barabara ya tambarare injini ilipiga kelele nyingi na mwendo hakuna. Vijana wa kijiweni walimwita Mzee Trekta. Siku moja mtoto wa darasani kwetu alitupita kwa baiskeli, akanipungia mkono. Nilijificha nyuma ya mgongo wa baba.

Kwa hiyo mwaka ule mvua ilipokatika mapema, baba akasema atashuka Dodoma mjini kubeba abiria, nilifurahi kuliko wote nyumbani. Huko angekwenda mbio kama wengine, na alikuwa ameniahidi viatu. Mama aliendelea kuchambua mlenda.

Nilifuatana na baba kwa fundi. Fundi alitoa sproketi kubwa, akafunga ndogo, akapunguza pingili za cheni zilizozidi. Alikuwa na tabia ya kueleza kazi yake hata kwa mtoto. Aliniambia kwamba sasa injini ikizunguka vilevile, tairi litazunguka zaidi, kwa hiyo mbio zitakuwepo, ila nguvu ya kupandia itapungua. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hana itakayotupa vyote viwili.

"Hiyo haijatengenezwa, binti yangu," alisema. "Hata baba yako ameitafuta."

Barabarani baba aliongeza mafuta kidogo tu, tukachomoka. Upepo ulinitoa machozi huku nacheka. Tulimpitia mama mashineni na unga wake, tukapanda mshikaki, mimi katikati, tukaelekea nyumbani. Mlima ulipoanza kusimama, baba aliingiza gia ya kwanza. Injini ikakohoa, ikazima. Akawasha, ikazima tena. Kijana mmoja aliyekuwa akishuka na pikipiki yake alipunguza mwendo.

"Mzee Trekta, umeleta ya lami huku?"

"Nimeileta iwaone," baba alijibu bila hasira.

Tukashuka. Mama alijitwisha unga, baba akaishika pikipiki kwa usukani, mimi nikaisukuma kwa nyuma. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani.

Wakati wa kula, baba alisukuma sahani kabla hajashiba.

"Mtoto akiumwa nikiwa mjini, nitawafikiaje huku?"

Mama alimwambia tutashuka kwa miguu, kama watu walivyoshuka siku zote. Baba alitikisa kichwa. Asubuhi aliiteremsha pikipiki kwa fundi, na kabla ya mchana niliisikia ikipanda taratibu, na kelele zake zilezile. Safari ya mjini ikafa, na viatu vyangu navyo. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, na siku nzima sikumwamkia baba. Hakunigombeza.

Sasa nashona nguo Makole, Dodoma mjini. Mpangaji mwenzangu ana watoto wawili, na baba yao ni dereva wa lori. Gari likisimama nje, watoto hukimbilia geti, kisha hurudi polepole wakikuta si yeye. Nikiwatazama, naona kwamba mimi sikuwahi kukimbilia mlango hivyo. Baba alikuwa anafika tu, kila jioni, kama giza linavyofika, na sikudhani kwamba kuna kitu alikiacha ili aweze kufika. Kumsubiri nimejifunza ukubwani, tangu tulipomzika, na bado sijazoea.