Mikeka ya mkwe ilivyobeba mbegu wakati wa Maji Maji

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi nimesoma vijana wanalia bei ya vifungashio, nikaona nami nilete langu. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu, mnivumilie mwandiko. Ila majina nayashika, na chumvi sitatia.

Waliokuwepo ni hawa. Bibi yangu mzaa mama, Mwajuma, ndiye aliyenihadithia. Siku hizo bi harusi wa miezi miwili. Mkwewe, Bi Mpili. Wifi yake Siwema, binti wa huyo Bi Mpili. Na Mzee Mkumba, kaka yake Bi Mpili, mwenye mtumbwi.

Wote wa Ruaruke. Mume wa bibi alikuwa ameshakwenda vitani na wenzake.

Ikaja habari kwamba huko Umatumbi askari wa Mjerumani wanachoma maghala. Bi Mpili akaamua mbegu ya mpunga ihamie Maparoni, kule delta, kesho yake asubuhi. Mbegu ikiungua, mwakani hakuna kula.

Mbegu ipo, makanda hakuna.

Kwa msiojua, kanda ni mfuko wa miyaa, yale majani ya mwaa yanayosukiwa mikeka. Unasuka ukili, utepe mrefu wa majani hayo, halafu unaushona. Moja tu ni kazi ya siku tatu, na miyaa inakatwa porini, ambako siku zile hakuna aliyethubutu kukanyaga.

Siwema akashauri mbegu imwagwe tu ndani ya mtumbwi. Mzee Mkumba akamuuliza, mtumbwi wenyewe unavuja, anataka mbegu ifike imeshaota?

Bibi akatupa jicho kwenye mikeka ya mkwewe. Mitano, mipya, imekunjwa pembeni. Akasema kwa adabu:

"Mama, mkeka ukikunjwa katikati ukashonwa pande mbili, si kanda hilo?"

"Umeingia juzi, leo unataka kunikatia mikeka yangu."

"Sikati, mama, nakunja. Tukifika tunafumua uzi, mkeka wako unabaki vilevile."

Bi Mpili akanyamaza. Wenye wakwe wa Kindengereko mnajua, kunyamaza ni ruhusa kubwa.

Basi zikatoka shazia, zile sindano kubwa za mikeka, wakashona. La kwanza kashona Siwema, kwa mazoea ya mkeka, ukingo kwa ukingo. Kajitwisha, hatua kumi tu mpunga unachuruzika, kuku wa jirani wote nyuma yake kama wanasindikiza bi harusi.

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee Mkumba hakucheka. Akasema mkiumwaga hivi hadi mtoni, mmewaonyesha askari njia tuliyopita.

Hapo kicheko kikaisha.

Bibi akafumua, akakunja ukingo mara mbili kwa ndani, ndipo akapitisha shazia. Wakalitikisa. Haikudondoka hata punje moja. Yote matano wakayashona hivyo, mtumbwini wakatandika fito, makanda yakakaa juu yasiguse maji.

Maparoni wakafika salama. Mbegu ikaingia ghalani, uzi ukafumuliwa, na jioni ileile mikeka ikatandikwa wakalalia. Kifungashio hakikugharimu kitu, na hakuna kilichotupwa.

Sasa sikieni. Wanawake wa Maparoni walipokuja kuuliza ujanja huo katoa nani, Bi Mpili akawaambia alioteshwa yeye ndotoni. Siwema akataka kusema, bibi akamfinya. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi nilitaka mpunga, sikutaka sifa." Na mpunga ulipandwa, ukavunwa.

Mimi nimefungasha kamba wakavu namna hiyohiyo miaka mingi kwenda kuuza Kibiti. Nilichojifunza: kabla hujanunua cha kufungashia, tazama nyumbani kipi kinaweza kufanya kazi hiyo kisha kikarudi kwenye kazi yake.

Nanyi mnafungashia nini huko mliko? Andikeni nisome.

Na mlio wa ukoo wa Mkumba, nadhani alikuwa kaka yake Bi Mpili, lakini mama yangu alikuwa akisema ni binamu yake. Kama nimekosea, nisahihisheni.