Faili ya Binti Kampire

Pulchérie ana majivuno mawili, na hayafichi. La kwanza ni kwamba vidole vyake havijawahi kukosea herufi. La pili ni kwamba hakuna karatasi ya mtu iliyopita mikononi mwake ikapotea. Hilo la kwanza analitia chumvi kidogo. La pili ni kweli tupu, na watu wa mji wa Baraka wanalijua.

Kibanda chake cha kuchapa kiko hatua chache kutoka sokoni. Kina paneli mbili za jua juu ya bati, kompyuta moja, na printa mbili ambazo moja iko hapo ili nyingine iibe vipuri vyake. Wateja wanamwita Mama Vanessa, kwa jina la binti yake wa kwanza, na ukifika ukamuulizia Pulchérie, watajua mara moja kwamba wewe ni mgeni.

Alizaliwa Lubondja, akajifunza kupiga taipu parokiani Fizi akiwa msichana, kwenye mashine nzito zilizokuwa zikiumiza vidole. Vita vya mwaka 1998 vilipofika alivuka ziwa hadi kambini Tanzania. Cheti chake kilibaki sandukuni, sanduku likabaki nyumbani, na nyumba yenyewe haikubaki. Miaka tisa baadaye alirudi akaomba kazi ya ukarani, na kijana mmoja nyuma ya meza akamdai karatasi inayoonyesha kwamba anajua kupiga taipu.

“Lete mashine, nitakuonyesha,” alimwambia.

Kijana hakutaka mashine, alitaka karatasi. Siku ile Pulchérie alilia njia nzima, na akisimulia leo bado anakasirika kana kwamba ni jana.

Ndiyo maana alipofungua kibanda chake alijiwekea desturi. Mtu akileta karatasi ya maana, diploma au cheti cha kuzaliwa, Pulchérie humwomba ruhusa abaki na nakala, bila malipo, kwa sababu watu wa huku wanajua kukimbia ni nini. Na kila nakala huipa jina ambalo mwenyewe anaitwa na watu. Majina ya kwenye vitambulisho hayaaminiki, kwani kila ofisi huyaandika inavyotaka. Kwa hiyo mwenye watoto ni baba au mama wa fulani, asiye nao ni mwana au binti wa fulani, na mwishoni unawekwa mwaka aliofika kibandani. Maneno huyaunganisha kwa vistari bila kuacha nafasi, kwa sababu kompyuta ya kwanza aliyoigusa, ile ya parokia yenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja, ilikuwa inakataa nafasi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka majuma mawili yaliyopita, kompyuta ilipoanza kuzimika yenyewe na fundi Néhémie akaja kutoka Uvira kuiwekea mfumo mpya. Néhémie ni fundi mzuri, tatizo lake ni kusaidia kupita kiasi. Alikuta folda za Pulchérie zimepangwa mwaka kwa mwaka, akaona ni usumbufu wa wazee, akazimwaga zote ndani ya folda moja inayoitwa KAZI.

“Sasa bintu byote biko fasi moja, Mama Vanessa,” alisema kwa furaha, akapanda pikipiki akaenda zake.

Vitu vyote, maana yake faili elfu kumi na moja. Tangu hapo, ukifungua hiyo folda, mfumo mpya haukuruhusu kugusa chochote kabla haujachora kijipicha cha kila karatasi, moja baada ya nyingine. Mstari wa kijani unatambaa juu ya skrini, unafika katikati, unasimama, kisha unaanza upya kana kwamba umesahau ulikuwa unafanya nini. Ukitaka kutafuta, ni hivyo hivyo. Pulchérie, ambaye amepiga taipu huku risasi zikilia upande wa pili wa kilima, alijikuta anaigombeza kompyuta kwa Kibembe.

Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia mwanamke kijana amembeba mtoto mgongoni.

“Mama, mi jina yangu ni Umwiza,” alisema. “Mulinibakishiaka copie ya diplôme yangu ya infirmière, ile ya 2019. Ile yenyewe iliungua na nyumba, kule juu ku milima. Leo ku hospitali banatafuta bainfirmière, na saa sita banafunga kupokea badossier. Bila diplôme, banasema hapana.”

“Ikaa pale, binti yangu. Iko humu. Mi sifutakake kintu ya mutu.”

Aliandika Umwiza penye kutafutia, na mstari wa kijani ukaanza safari yake. Mwalimu Alphonse, aliyekuwa anangoja kuchapiwa maswali ya mtihani, alikunja mikono.

“Mama Vanessa, mashine yako iko inapika maharagi?”

“Kama una njaa, mwalimu, enda kwako.”

Alphonse alicheka, lakini dakika zilipozidi aliacha utani. Saa tano kasoro dakika kumi kompyuta ilitoa jibu: hakuna. Umwiza alimshusha mtoto akamkalisha magotini, akatazama mlango. Pulchérie aliyajua vizuri macho yale. Ni yake mwenyewe, ya siku ile mbele ya yule kijana wa ofisini.

Ndipo alipojipiga paji la uso. Kwa nini alitafuta Umwiza? Huyu alipokuja hakuwa Umwiza kwake, alikuwa mtoto wa mtu. Hasira ya mashine ilikuwa imemsahaulisha utaratibu wake mwenyewe.

“Ulikuyaka hapa na nani?”

“Na mama.”

“Mama yako banamuitaka nani?”

“Kampire. Alikufaka mwaka jana, wakati tulikuwa tunashuka huku. Homa tu, na dawa hatukukuwa nayo.”

“Kampire wa siagi!”

Pulchérie alimkumbuka mara moja: mwanamke mrefu, msema taratibu, aliyekuwa akishuka na siagi na asiyekubali kubishania bei na mtu. Alimpa Umwiza pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha akatazama saa. Kutafuta upya kungekula dakika nyingine arobaini, na mashine haikuwa na haki ya dakika hizo. Akachukua simu.

“Néhémie, sikia. Zamani tulikuwa tunaandika jina yote ya faili, na njia yake yote, inafunguka bila kuchungulia ndani ya folda. Ile fasi ya kuandikia ingali?”

“Iko, mama, lakini hakuna mutu anaitumikaka tena. Ni ya bazee. Njo maana mi nilikuambia, tubadilishe majina yote, tuweke nom na postnom ya ku kitambulisho, halafu…”

“Nionyeshe mahali iko. Mengine tutagombana kesho.”

Alibonyeza vitufe viwili alivyoambiwa, na kidirisha kidogo kikafunguka pembeni, cheupe, hakina picha wala pambo. Pulchérie alikaa wima kama alivyofundishwa Fizi. Vidole vilikwenda bila yeye kuviangalia: njia ya folda, kisha binti-kampire-2019. Mashine ikasema faili hiyo haipo.

Umwiza alifumba macho.

“Mwaka gani mulikuya hapa?” aliuliza Pulchérie, sauti haijabadilika. “Siulizi mwaka ya diplôme.”

“Diplôme ni 2019. Hapa tulikuya… mama alikuwa amevaa masque. Ile mwaka ya corona.”

Akafuta tarakimu mbili za mwisho, akaandika 20. Kabla kidole hakijanyanyuka vizuri kutoka kwenye kitufe, diploma ilikuwa imejaa skrini nzima, na mihuri yake na saini zake. Alphonse alipiga makofi. Folda kule nyuma ilikuwa bado haijamaliza kuchora vijipicha.

“Mi nilikuambia iko humu,” alisema Pulchérie, na hakujaribu kuficha jinsi alivyojisikia.

Jambo moja tu lilimkera. Siku ile ya 2020 jua lilikuwa dogo, mashine ya kunakili ilikataa kuwaka, akapiga karatasi picha kwa simu huku Kampire akiishikilia. Pembeni, chini, kikaonekana kidole gumba cha Kampire, ukucha umepasuka, kovu jembamba chini yake. Doa lile lilikuwa limemtia aibu Pulchérie tangu siku hiyo. Alilikata, akaweka ukingo sawa, akachapa. Alphonse aliacha zamu yake bila kuombwa, na Umwiza akatoka mbio, mtoto akirukaruka mgongoni.

Saa saba kasoro alirudi. Alikuwa anatembea polepole sasa.

“Bamepokea,” alisema. “Mi nilikuwa wa tatu toka mwisho.”

“Si unaona.”

Lakini hakuondoka. Alisimama mbele ya meza akimtengenezea mtoto kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea.

“Mama Vanessa, ile ingine, ile yenye kidole. Ulifuta?”

“Ile doa? Unisamehe, binti yangu, siku ile mashine…”

“Photo zake zote ziliungua,” alisema Umwiza. “Sina hata moja.”

Pulchérie aligeukia kompyuta. Akafungua kidirisha cheupe, akaandika njia yote herufi kwa herufi, na diploma ikarudi bila kukatwa. Akaikuza mpaka kidole kikajaa skrini, akachagua karatasi nzito anayoitunza kwa ajili ya picha za harusi, akachapa. Umwiza aliipokea kwa mikono miwili, akaweka gumba lake juu ya lile la mama yake, na hapo ndipo alipolia.

Alipotulia, Pulchérie alimwomba risiti ya kupokelewa kwa maombi yake, ili abaki na nakala.

“Sasa banakuitaka nani?”

“Mama Élisée.”

Akaandika mama-elisee na mwaka. Ile faili ya zamani hakuibadilisha jina.