Kisanduku cha Hapana

Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu, mke wangu hakuwahi kuniomba ruhusa ya kunigusa, wala mimi sikuwahi kuona kasoro hapo. Kwa hiyo nilishtuka Jumapili moja, saa tisa mchana, alipobisha hodi kwenye mlango wa sebule yetu wenyewe, akaingia na sare nyeupe iliyopigwa pasi, akajitambulisha kwangu kwa majina yake yote mawili, kisha akaniuliza langu.

"Si unalijua?" nikamjibu kutoka kwenye kochi.

"Mgonjwa asilete ujuaji," alisema mzee aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, karatasi mapajani na kalamu nyekundu mkononi. "Taja jina."

Nikalitaja. Mzee akaweka tiki.

Inabidi nieleze tulifikaje hapo.

Mke wangu alikuwa muuguzi wa A2, yaani yule aliyesomea uuguzi sekondari na kwenda moja kwa moja kazini. Kituo chake cha afya kiko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu Kabeza, na mtaa mzima unamwita Muganga, kana kwamba ni daktari. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, wakati wengine tunafyeka nyasi za mtaro, watu huweka majembe chini wamwonyeshe vipele. Lakini kwenye karatasi A2 ni A2. Kila mwaka alikuja kijana mpya na A1 yake ya chuo, akawekwa kuwa mkubwa wake, na swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Mama, sindano mnaweka wapi?" Alipofika miaka arobaini na sita akasema amechoka kuonyesha watu kabati, akajiandikisha chuo.

Mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilikulia Tanzania, nikapata digrii huko, na huandika insha ambazo marafiki zangu husema watazisoma wikiendi. Yeye alikulia Bujumbura na kusoma kwa Kifaransa, na chuo kinafundisha kwa Kiingereza. Nikaona zamu yangu imefika. Nilimwandalia muhtasari wa kurasa arobaini kuhusu mwili wa binadamu, wenye tanbihi. Alinishukuru sana, akauweka chini ya mguu wa friji, na tangu siku hiyo friji yetu haijatikisika. Nikasahihisha kazi yake moja kuhusu kutunza kidonda, nikainyoosha na kuipamba. Ilirudi na alama za chini kuliko zote alizowahi kupata, na pembeni mwalimu alikuwa ameandika: "Mgonjwa yuko wapi?" Ni kweli, nilikuwa nimemwondoa kwenye aya ya pili. Alikuwa anaharibu mtiririko.

Niliponyang'anywa kalamu akaanza kufaulu. Alifaulu mitihani yote ya kuandika, miaka mitatu mfululizo, mpaka ukabaki mtihani mmoja wa mwisho, wa vitendo. Huo ndio tuliosherehekea mapema, kwa sababu ni kazi anayoifanya kila siku.

Chuoni wana vitanda kama wodi. Wanafunzi wa madarasa mengine hulala humo wakiigiza wagonjwa, kila mmoja na maelezo aliyopewa, na mtahini husimama kando na orodha. Mke wangu aliingia, akamwambia kijana aliyelala, "Leta mkono," akamfunga kipimo cha presha, akasoma, akaandika, akamwonya apunguze chumvi, akatoka. Mtahini alikuwa bado anatafuta kalamu. Presha aliipata sawasawa. Mengine yote alipata sifuri: hakujitambulisha, hakuuliza jina la mgonjwa, hakuomba ruhusa, hakueleza anachokwenda kufanya.

"Nijitambulishe kwa nani?" alifoka alipofika nyumbani. "Kule kituoni watu wananijua tangu wako tumboni!"

Aliruhusiwa kurudia mara moja tu, baada ya mwezi. Akianguka tena angerudia mwaka mzima, na mkuu wa kituo alikwishasema kwamba ruhusa yake ya kwenda chuo siku mbili kwa wiki inaishia mwaka huo. Maana yake tuliielewa wote bila kuisema. Angestaafu akionyesha kabati.

Ndipo nikagundua kuwa kitu changu pekee alichokihitaji ni mwili, tena ukiwa umelala kimya. Na kwa kuwa mume hawezi kumsahihisha mke akabaki salama, tulimwomba jirani yetu awe mtahini. Ni mwalimu mkuu mstaafu aliyekulia Uganda, tunamwita Muzehe, na nadhani alikuwa ameikosa kalamu nyekundu kuliko alivyoikosa pensheni.

"Hukunawa mikono," angesema.

"Nimenawa kwa mawazo, Muzehe."

"Basi na alama nimekupa kwa mawazo. Rudi mlangoni."

Akarudi mlangoni. Jumapili mbili nzima alirudi mlangoni. Alijifunza kunawa, kujitaja, kuomba, kueleza, na mimi nilijifunza kujibu "ndiyo" kwa sauti ya mtu mwenye maumivu, ingawa Muzehe alisema ninazidisha.

Jumapili ya tatu zoezi lilikuwa kukagua miguu ya mtu mwenye kisukari. Mke wangu alibisha, akanawa, akajitambulisha, kila kitu kikaenda vizuri kama misa.

"Je, unaniruhusu nikuvue soksi, nitazame miguu yako?"

"Hapana," nikasema.

Muzehe akageuza karatasi, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Hapa hakuna kisanduku cha hapana," akasema.

"Sheri," mke wangu akaniambia kwa meno yaliyobana. Huniita Sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa, akiwa amekasirika tu. "Leta mguu."

"Sifuri!" Muzehe alifurahi waziwazi. "Banange, unamvuta mgonjwa kama mbuzi! Rudi mlangoni."

Alirudi, akaanza upya, akafika kwenye soksi, nami nikakataa upya. Nilimwona akivuta pumzi. Mikono ilikwenda kiunoni, ikashuka. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye orodha: alivuta kigoda, akakaa karibu, macho yake yakawa sawa na yangu, akauliza taratibu, "Shida ni nini?"

Nikamnong'oneza. "Ya kushoto imetoboka. Kidole gumba kiko nje chote. Na huyu mzee anatazama."

Hakucheka. Hilo ndilo lililonishangaza, maana huwa ananicheka kwa makosa madogo zaidi. Alisimama, akafunga pazia la dirisha, akachukua kitenge kilichokuwa mgongoni mwa kochi, akanifunika mpaka kwenye nyonga, halafu akasema, "Muzehe, naomba ugeukie ukutani."

"Sasa nitasahihishaje?"

"Kwa mawazo."

Muzehe akageuka. Soksi zikavuliwa chini ya kitenge kama siri ya serikali.

Jioni hiyo, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, aliweka kisu chini.

"Miaka ishirini," akasema, "nawavua watu mashati mbele ya benchi zima."

"Hakuna aliyewahi kukataa?"

"Hakuna. Mimi nikafikiri hawaoni haya."

Asubuhi alikwenda kazini na kile kitenge pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Nasikia mpaka leo kimening'inia pale, kati ya benchi na kitanda cha kupimia.

Siku ya kurudia mtihani nilimsindikiza hadi Remera. Nilisubiri kwenye kantini ng'ambo ya chuo, nikanywa chai tatu za maziwa na kula sambusa nisizozikumbuka. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mitihani yangu mwenyewe, labda kwa sababu ile ningeweza kuiandikia insha. Alitoka baada ya saa moja, akaketi mbele yangu, akanywa chai yangu.

"Ilikuwa miguu," akasema.

"Kisukari?"

"Kisukari. Nimebisha, nimenawa, nimejitaja, nimeomba ruhusa. Kijana akakunja miguu namna hii, akasema, 'Sitaki.' Ameandikiwa aseme hivyo! Yule aliyenitangulia alitoka analia."

"Ukafanyaje?"

"Niliona soksi zako." Sasa ndipo akacheka, akacheka mpaka mhudumu akageuka. "Nimevuta stuli, nimekaa, nimemuuliza shida ni nini. Akasema, 'Watu wananiona.' Nikavuta pazia, nikamfunika shuka. Mtahini akaacha kutafuta kalamu."

Matokeo yalitumwa kwa simu Ijumaa iliyofuata. Nilikuwa sebuleni, nikibishana na sentensi, nilipomsikia akipiga kelele kule nje kwenye karo la kufulia, kisha hodi mlangoni. Aliingia mikono bado ina povu la sabuni, simu ameibana kwapani. Alisimama wima katikati ya zulia, akajitambulisha kwa majina yake yote mawili na kuongeza, "muuguzi wa A1."

Halafu akauliza, "Je, unaniruhusu nikukumbatie?"

"Hapana," nikasema, kwa mazoea.

Akaenda dirishani akafunga pazia. Muzehe, ambaye alikuwa amesikia zile kelele na tayari anapanda ngazi za baraza na jagi la maziwa ya mgando kuja kutupongeza, aliliona pazia likifungwa, akageuka, akarudi kwake.