Kipande cha Boti Letu

Asubuhi ile Ziwa Victoria lilikuwa shwari, na Elia alikuwa anakwangua uji ulioganda kwenye sufuria huku akilalamika kwamba jeshi halijui kupika mtori, supu yetu ya ndizi. Tulikuwa wawili tu kutoka Kirua Vunjo kwenye boti lile la doria, na wenzetu wa pwani walitucheka: watu wa mlimani, maji yao ni ya mfereji. Elia alikuwa fundi wa injini. Mimi nilikuwa juu, kwenye mzinga.

Adui alitupiga kombora wakati wa chakula cha mchana.

Moto ulianzia chini. Kamanda akaamuru mlango wa chumba cha injini ufungwe, moto usije ukafika kwenye risasi. Ukafungwa, komeo likatiwa.

Elia alikuwa ndani. Akagonga kwa nyundo.

Boti likalala ubavu, tukaruka, likazama.

Waliokuja kutoa habari za msiba walimwambia mama yake kwamba alikufa papo hapo. Nilishukuru kwamba wamesema wao, si mimi.

Kwetu mtu akifa hulala kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mama Elia alikataa katakata mwanawe achimbiwe kaburi la jina tupu. Kila Krismasi mbuzi akigawanywa, alimtengea mwanawe fungu lake, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mwaka jana boti liliopolewa, likauzwa kama chuma chakavu. Mifupa haikuonekana. Duka moja mjini Moshi, la watalii wanaoshuka mlimani, likaanza kuuza vipande vyake vikiwa vimebandikwa kwenye ubao wa mninga. Ndeshi, dada yake Elia, akanunua kikubwa, kilichoandikwa chini yake: "Alama halisi za risasi." Hatimaye kulikuwa na kitu cha kuzika. Shimo likachimbwa, mchungaji akaitwa.

Nilipokishika tu, nilijua. Komeo lilikuwa bado limeng'ang'ania pembeni, na chuma kilikuwa kimevimba vinundu vinundu, kimepigwa kutokea ndani.

Mama Elia akapitisha vidole juu ya vinundu vile, akanigeukia.

"Baba Aika, risasi hutoboa. Hivi ni nini?"

"Mama, tumzike kwanza."

"Nimekuuliza."

"Ni nyundo. Huu ni mlango wa injini."

"Aligonga sana?"

"Aligonga, mama."

"Na nyie mlikuwa mnamsikia."

Mchungaji akafunga kitabu chake.

Mama akakisukuma kile chuma kwa fimbo yake mpaka kikaanguka kwenye majani makavu ya migomba.

"Kilichomzuia kutoka ndicho mnataka nikilaze hapa kwa jina lake? Fukieni."

Tukafukia shimo tupu.

Ndeshi alikirudisha dukani kwa hasira, akamweleza mwenye duka kila kitu. Yule bwana akasikiliza vizuri, kisha akabadilisha maandishi. Sasa yanasema kuna askari aliyefia nyuma ya mlango huu. Kimewekwa karibu na dirisha, na wageni hukigonga kwa vidole wasikie kinavyolia.