Nilivyomsukuma Mama Mkwe Kilimani

Jumamosi tulikimbia mbio za kuchangia wodi ya wazazi pale Ihanda, ukoo mzima wa mke wangu, sote tumevaa fulana na kofia za njano. Kwenye kilima nikamwona mke wangu mbele, amechoka. Nikamwekea mikono mgongoni, nikamsukuma.

"Kaza mwendo, mama Neema. Unajikokota kama mama yako."

Akaendelea kupanda. Nikazidi kusukuma. Mara mke wangu akanipita pembeni, macho yamemtoka.

Nikaondoa mikono haraka. Niliyemsukuma alikuwa mama mkwe, kumbe alifika asubuhi kutoka Murongo. Na kwetu mkwe haguswi hovyo.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa shida.

Akageuka, anacheka mpaka machozi.

"Marahaba, baba Neema. Mbona umeacha? Kilima hakijaisha."